Siku Nilipopanda Nguzo Kisesa

Mtu akiniambia wanawake wa zamani walikaa jikoni tu wakikoroga ugali, nampandishia sauti. Zamani gani hiyo? Mimi Odeta nilikuwepo zamani hiyo, wakati wa Mwingereza, miaka ile baada ya nzige, na mtu wa kukaa jikoni tu sikuwa. Kaeni vizuri niwasimulie, na asiyeamini aende Kisesa akaulize.

Kwetu Usukumani, pamba ikishauzwa na mtama umeingia ghalani, kazi inayobaki ni ngoma. Kuna Bagalu na kuna Bagika, na kila mtu ana upande wake. Siku ya mashindano pande zote mbili zinacheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake. Hakuna hakimu, hakuna kikombe. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua: wakikuchoka wanavuka kwenda kwa mwenzako, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ubaya wa mashindano hayo ni kwamba unaona kwa macho yako jinsi unavyoachwa.

Mume wangu Ngosha alikuwa manju wa Bagalu, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Sauti alikuwa nayo, maneno alikuwa nayo. Lakini manju wa Bagika, bwana mmoja wa majivuno aitwaye Lusangija, akapata chatu. Chatu mnene kama paja langu! Lusangija anamvaa shingoni, anambusu mdomoni, na watu wetu wanavuka mbio kwenda kumwona. Mara ya kwanza tulisema ni bahati yake. Mara ya pili tulibaki na mbwa na vikongwe waliochoka kutembea.

Baada ya aibu hiyo vijana wetu walimwambia Ngosha bila kumung'unya maneno: akishindwa tena, wanahamia kwa Lusangija pamoja na ngoma zao. Na manju asiye na vijana ni mtu anayejiimbia peke yake shambani. Ngosha akanyong'onyea. Chakula nilichompelekea kilirudi kama kilivyokwenda. Alikuwa akiamka asubuhi anakaa mlangoni, haimbi, na katika maisha yangu yote naye sikuwahi kumwona asubuhi bila wimbo. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye.

Tulikuwa tunakaa pembeni ya Kirumba, na asubuhi na jioni nilipeleka maziwa mjini kwa Mama Jasuben. Huyu alikuwa mjane wa Kihindi, mama yake Kanubhai mwenye duka la nguo. Nyuma ya duka palikuwa na ua, na katikati ya ua Kanubhai alikuwa amesimika nguzo ya mti mgumu, nene chini na nyembamba juu, imelainishwa vizuri, inapita urefu wa watu wawili. Jioni vijana wa Kihindi walikuja kuichezea. Si kupanda kwa kutafuta tunda, jamani. Waliibana kwa mapaja, wakaachia mikono, wakaning'inia vichwa chini, wakajizungusha, wakapanda hadi nchani wakalala juu yake kwa tumbo, mikono wameitandaza hewani. Mama Jasuben alinieleza kuwa ni mchezo wa kwao wa kujenga mwili, wa wapiga mieleka tangu enzi, na kwamba wao wanauita malkham.

Siku ya kwanza kuuona nilimwaga maziwa. Siku ya pili nilianza kufikiri. Chatu wa Lusangija, nikajiambia, anachezwa chini. Walio mbele wanamwona, lakini walio nyuma wanaona migongo ya wenzao tu. Sasa ngoma ikipanda juu ya vichwa vya watu, nani atakubali kuvuka uwanja kwenda kuangalia migongo?

Nikamwomba Mama Jasuben anifundishe. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanitazama mabega na mapaja kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniambia kwamba alikulia katika nyumba ambayo kaka zake wote walicheza malkham uani, naye aliwatazama kutoka dirishani tangu utoto wake, akawa anajua kila mkao na kila mshiko kuliko wao. Lakini alikuwa msichana, hakuruhusiwa. Sasa amezeeka, magoti yamekwisha.

"Njoo asubuhi, Kanubhai akishafungua duka," akasema. "Geti nitalifunga mimi."

Basi yakaanza mateso. Nilishona kaptura ya kitambaa cha marekani, mwanamke mzima, nikaivaa chini ya kaniki yangu na kutoka nyumbani na maziwa kichwani kana kwamba hakuna kitu. Mama Jasuben alikaa kwenye kitanda chake cha kamba akaniamrisha: bana goti, nyoosha mguu, usimeze pumzi. Kabla sijapanda alinimiminia mafuta ya nyonyo kiganjani, matone tu, nipake nguzo isinichune ngozi. Ilinichuna hivyo hivyo. Mapaja yalivimba, makwapa yalitoka damu, na niliporomoka hadi nikaijua ladha ya udongo wa ua ule. Nikianguka, yule bibi hakunipa pole. Alinyoosha kidole juu. Nilimchukia wiki zote za mwanzo, kisha siku moja nikaachia mikono, nikaning'inia kichwa chini kwa mapaja peke yake, dunia imegeuka na mimi niko palepale, nikasikia ananililia kule kitandani. Tangu siku hiyo aliniita dikri, binti yangu.

Siri ya mji haikai. Mama mkwe alisikia, akaja juu. Mwanamke juu ya vichwa vya wanaume, tena ndani ya kaptura! Alisema nimeroga akili zangu mwenyewe, na kwamba mwanawe atachekwa kuanzia Magu hadi Nera. Ngosha alinifuata mjini asubuhi iliyofuata, akasimama uani na kofia yake mkononi, akamwamkia Mama Jasuben shikamoo, akaniambia nipande. Nikapanda. Nilimaliza yote niliyoyajua, nikabaki nimening'inia nikimtazama yeye kichwa chini miguu juu, nikisubiri talaka yangu.

"Ukiwa hivyo," akaniuliza, "unaweza kuimba?"

Hapo nikajua mume wangu amerudi. Aliwaleta wazee wa kundi lake wakaja kuona, wakakaa ukutani, macho yametoka. Waliniona nikipanda, na waliona pia Mama Jasuben akinimiminia yale mafuta. Kisha walikwenda kukata mninga, wakauchonga, wakaulainisha, na kwa sababu mimi nilitaka, waliufanya mrefu kuliko wa Kanubhai. Wakausimika upande wetu wa uwanja wa Kisesa siku moja kabla ya mashindano.

Siku yenyewe Kisesa ilifurika. Watu walikuja na ng'ombe, na watoto, na vibuyu vya pombe. Mama Jasuben alikuja ndani ya lori la pamba la mwanawe, akawekewa kiti mbele kabisa, na sari yake nyeupe, wala hakumwangalia mtu usoni. Ngosha akaanza kuimba. Upande wa pili Lusangija akamtoa chatu kwenye kapu, na watu, kama kawaida yao, wakaanza kuvuka.

Ndipo nilipovua kaniki na kuingia duarani na kaptura yangu. Shingo ziligeuka. Wengine waliokuwa njiani kuvuka wakasimama. Nikairukia nguzo, nikaibana kwa nguvu zangu zote, na palepale nikaporomoka nikakaa mavumbini kama gunia la pamba. Nikaruka tena. Nikaporomoka tena. Mikono yangu ilikuwa inang'aa.

Kumbe wazee wale! Walipoona mafuta ya Mama Jasuben, walijua wameiona siri yote. Kwetu hakuna ngoma inayoingia uwanjani bila dawa ya kuvuta watu, nao wakasema ile ya Mhindi ndiyo dawa yake, na kama yeye anapaka matone, sisi tutapaka chungu kizima. Wakamwita mganga wao, akachanganya dawa kwenye samli, wakaipaka nguzo kuanzia nchani hadi kwenye udongo. Ngosha mwenyewe alishika chungu. Hawakuniambia, maana kwao dawa ikitajwa inakufa. Walinipenda, ndiyo, lakini nusura waniue kwa mapenzi.

Watu walicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kinatembea, kinavuka uwanja kwenda kwa Lusangija, naye akamwinua chatu juu ya kichwa chake akinionyesha meno. Nilitazama vijana wetu. Mmoja alikwisha tia ngoma yake begani, na wenzake wanamwangalia yeye. Niliokota kaniki yangu nikaanza kufuta nguzo. Mzee mmoja wa kundi akanidaka mkono, akasema nikiifuta ile dawa nimewaua wote, hatutapata mtazamaji hata wa kusingiziwa. Wengine wakamuunga mkono. Mganga naye akaja, povu mdomoni.

Ngosha alikuwa amesimama katikati, hana wimbo. Miaka yote nilimwita Baba Milembe, kwa jina la mtoto wetu, kama mke mwenye adabu zake. Siku ile nilimwita jina lake mbele za watu.

"Ngosha," nikasema, "unataka dawa au unataka watu?"

Aliniangalia. Halafu akavua mgolole wake mweupe, ule wa umanju, ambao hakuruhusu hata mama yake aufue, akauzungushia nguzo na kuanza kusugua. Alisugua hadi ulipofika mkono wake, kisha akaniinamia, nikapanda mabegani kwake, nikapokea mgolole na kusugua kule juu. Samli ikatuchuruzikia usoni sote wawili. Mganga alifunika macho. Mama Jasuben akainuka kitini, akaja mpaka katikati ya duara, akapiga yale magoti yake chini, akachota vumbi kavu lililopondwa na miguu ya wachezaji na kuanza kulibandika kwenye mti kwa viganja. Mama mkwe alipoona bibi wa watu amepiga magoti mavumbini kwa ajili ya nyumba yake, haya ilimshika. Akaja, akachota naye.

"Sasa, dikri," akasema Mama Jasuben.

Nikaruka. Mti ukanishika! Nikapanda kwa mapaja na kwapa, goti juu ya goti, nikapita vichwa vya watu, nikapita hata ncha za mikuki ya wachezaji. Nikaachia mikono nikaning'inia kichwa chini, na hapo hapo, kwa ukelele wangu wote, nikauanza wimbo wa Ngosha. Chini akaupokea. Ngoma zikaingia, hata ile iliyokuwa begani ilishushwa ikapigwa. Nilijizungusha nikashuka kwa kasi hadi watu wa mbele wakapiga yowe wakidhani naanguka, nikajizuia kwa paja moja, uso wangu karibu ugonge udongo, nikapanda tena nikicheka. Mwili wangu ulijua kila kitu. Sikuwahi kufurahi vile, si siku ya harusi, si siku yoyote.

Nikiwa juu niliwaona. Kwanza walikuja watoto, halafu wanawake wenye watoto mgongoni, halafu kundi zima likakatika kama ukingo wa mto, wakaja mbio, na aliyekuwa nyuma kabisa aliniona sawasawa na aliyekuwa mbele. Wapiga ngoma wa Lusangija walikuja na fimbo zao mkononi. Kule kwao alibaki mtu mmoja tu, ameshikilia mkia wa chatu kwa kuwa hakuna wa kumwachia, naye amenyoosha shingo kuniangalia. Lusangija mwenyewe alikuja pembeni pembeni, akijifanya kuna mtu anamtafuta. Vigelegele vikapasuka chini, na katika vyote nilivitambua vya mama mkwe.

Nikafika nchani. Nikalaza tumbo juu ya ule mti mwembamba, nikatandaza mikono na miguu, nikajizungusha taratibu. Upande wa ziwa jua lilikuwa linazama, na chini yangu hapakuwa na mahali pa kudondosha punje ya mtama.

Vijana wetu wakamwendea Ngosha, vichwa wameinamisha. Wakamwambia wamekosa, wanaomba wabaki. Ngosha alikuwa kifua wazi, vumbi na samli hadi masikioni, analia na kucheka. Akawaonyesha juu.

"Msiniombe mimi," akasema. "Muombeni manju."

Ikawabidi wainue nyuso zao wote, mbele ya Bagalu na Bagika, wakaniomba kwa sauti. Niliwasikia vizuri sana. Nikawaacha waseme mara ya pili.