Maji ya Jicho la Hamud

Jamani, mtu akitapika baada ya kula wali wa mkewe, ndiyo kalishwa sumu? Basi wanawake wote wa Kariakoo wangekuwa jela! Lakini Muaz, kaka yake marehemu Hamud, alishatangaza mbele ya waombolezaji: "Shadya kamuua mdogo wangu!" Polisi wakaja, mwili ukapelekwa mochwari badala ya makaburini.

Shadya akajipa moyo kwamba huko ukweli utajulikana. Wapi! Daktari Evarista alipoeleza kuwa damu ya maiti haiaminiki kwa kupima sukari, kwa hiyo atachukua maji ya jicho, Muaz alikuja juu.

"Mnataka kumng'oa ndugu yangu jicho?"

"Ni sindano tu, kaka. Jicho linabaki palepale."

"Hatutaki! Maiti hadhalilishwi."

Shadya akamkabili. "Shemeji, umeniita muuaji mbele za watu. Sasa pa kujisafishia napo unapaziba?"

Bahati yake, amri ilikuwa ya polisi. Sindano ikapita, Hamud akazikwa jioni ile na macho yake mawili, na Shadya akaingia eda huku majirani wakikataa hata chai yake. Iliuma, wacha wee!

Majibu yalipotoka, aliomba ruhusa ya kutoka akayasikie kwa masikio yake. Muaz naye alikuwepo.

"Sumu hakuna," alisema Daktari Evarista. "Kilichomuua ni kisukari. Sukari ilipanda mno, damu ikajaa asidi, ndiyo maana alitapika. Siku za mwisho hakuwa na kiu kali? Hakukonda?"

"Alikonda sana," Shadya alijibu. "Tukasema ni mawazo ya biashara."

"Kisukari gani?" Muaz akadakia. "Hicho si cha wenye vitambi?"

"Hata wembamba wanakufa nacho, kaka."

Nje, Muaz alikohoa. "Basi, shemeji, yaishe."

"Yaishe? Mpigie mama mkwe sasa hivi, umwambie nikiwa nasikia."

Akapiga. "Mama, wamesema ni kisukari. Sumu hawakuiona."

Shadya akashusha pumzi, machozi yakamtoka. Muaz akamgeuzia mgongo, akasogea hatua chache, akapunguza sauti.

"Ndiyo, Mama. Hata mimi nahisi hivyo. Labda ilishatoka mwilini."