Mizani Kumi na Tano

Jumanne ya mwisho ya Mei, 1981, saa tisa alasiri, mwalimu Lokorio aliandika ubaoni katika darasa la ngumbaru, huko Chechelesi: ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Bisharo, muuza maziwa, alinakili yote na hakuelewa hata moja. Neno zima alilijua. Kwa nini likatwekatwe kama nyama ya sadaka, hilo lilimshinda.

Lakini mwenye haja hachoki. Shairi bora lingesomwa uwanjani Siku ya Madaraka, mbele ya wakubwa wote, na Bisharo alitaka jina la mumewe, Molu, litajwe hadharani. Miaka ya vita, huko Garbatulla, askari waliokuja na malori walimchukua Molu pamoja na ngamia wa kengele, kiongozi wa kundi, ambaye Molu alikuwa amemshika kamba. Ngamia waliobaki walipigwa risasi palepale. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema Molu alipelekwa wapi, wala kama alikufa.

Jioni Bisharo aliketi mlangoni na daftari. Hakuhesabu mizani, kwa sababu kwao chenye uhai hakihesabiwi, na jina la Molu kwake lilikuwa hai. Ukihesabu mifugo unaiitia kifo. Aliandika tu. Kwa kila silabi, ngamia mmoja wa wale waliokufa aliingia uani, alama ya ukoo ubavuni, akasimama mahali pake katika safu, safu moja kwa kila mshororo. Jirani yake Abiba aliomba tu wasitafune leso zake kambani.

Asubuhi Lokorio alikuja, akawahesabu kwa kidole. Bisharo hakumkataza.

"Hawa walishahesabiwa siku ile," alisema. "Ndiyo wakakufa."

"Sitini na tatu," alisema Lokorio. "Mshororo wa mwisho uko na mizani kumi na tano." Akausoma: *Molu mwana wa Yattani, ulipelekwa wapi*. "Ongeza 'je' tu, mama. 'Je, ulipelekwa wapi.' Itatosha."

Bisharo akaandika "je". Ngamia mwingine akaingia, mnene, mpole, akajaza pengo katikati ya safu ya nne. Alikuwa na alama ya ukoo mwingine.

"Mwalimu, hii si yetu."

"Ni mizani tu, mama. Bila hiyo shairi halisomwi."

"Nikiiacha hapa, ile ya kengele ikirudi itasimama wapi?"

Lokorio alikaa juu ya debe la maziwa, akaona hata yeye somo limemchanganya. Bisharo alifuta "je". Yule mgeni akatoka kwa adabu kupitia langoni.

Ijumaa mkaguzi wa elimu alikuja kuchagua shairi. Alipita kati ya ngamia akiinua suruali isiguse mavi, akasoma, akaandika kwa wino mwekundu: *guni*. Lokorio alimweleza Bisharo kuwa hilo ni jina la shairi lenye kasoro.

Siku ya Madaraka lilisomwa shairi kuhusu faida za kuchemsha maji. Mizani yake ilitimia. Bisharo alisikiliza mpaka mwisho, asijue hasira yake ampelekee nani.

Ngamia hawajaondoka. Abiba akienda kuchota maji hupita katikati yao akiwasukuma kwa kiwiko, ila akifika kwenye lile pengo la safu ya nne, huzunguka.