Mbao Mbili Juu ya Gari la Yvonne

Simu ilimkuta Karangwa Ijumaa mchana akipunguza ua wa nyumba yake huko Kicukiro, jijini Kigali. Aliyepiga alijitambulisha kuwa anaitwa Usumani, mtunza bohari moja karibu na makutano ya Sonatubes. Alisema mzigo wa madamu umefika, tena ni mrefu na umemzibia mlango. Karangwa akauliza ni mzigo gani. Usumani akajibu polepole, kama anayesema na mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mbao, mzee. Mbao mbili za kwenda kwa maji. Jina iko Gahongayire, na namba ya pili iko hii yako."

Karangwa alikata simu akabaki na mkasi mkononi. Gahongayire alikuwa mke wake kwa miaka thelathini na mitatu. Wote wawili walizaliwa Bukoba, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Tanzania, na hata baada ya kurudi na kuzeekea Kigali, lugha ya nyumbani kwao ilibaki Kiswahili. Yeye alikuwa amestaafu kazi ya forodha, mkewe alikuwa amestaafu uuguzi. Alidhani anamjua. Na jambo moja alilokuwa na hakika nalo kuliko yote ni kwamba mke wake hakaribii maji.

Miaka kumi na miwili iliyopita mtoto wao wa kwanza, Ntare, alikwenda Bukoba kwa bibi yake wakati wa Krismasi, akazama ziwani akiogelea na binamu zake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo Gahongayire hakununua samaki. Walipoalikwa harusi kwenye hoteli yenye bwawa, aligeuza kiti akalipa bwawa mgongo mpaka keki ikakatwa. Sasa mtu huyo ameagiza mbao za kwenda kwa maji, tena mbili.

Jioni mkewe aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya, Karangwa alimweleza habari za Usumani. Mkewe aliweka mkoba mezani na kusema ndiyo, ni mzigo wake, akaomba kesho yake ampeleke nao Ziwa Rumira, kule Bugesera. Karangwa akauliza ni za nini.

"Nitakueleza tukifika," alisema, akaingia jikoni.

Asubuhi walikwenda kuzichukua kwa gari la Yvonne. Yvonne ni binti yao, aliyekwenda Kanada kusoma na kuwaachia gari dogo la umeme. Karangwa hakulizoea kabisa. Halikunguruma likiwaka, halikutikisika likizimwa, na mara mbili alikwisha shuka akaliacha likiwa bado limewaka. Juu lilikuwa na keria ambayo Yvonne alibebea baiskeli yake.

Mbao zilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri. Kila moja ilimpita yeye kwa urefu karibu mara mbili, pana kama mlango mwembamba, nyepesi ajabu, zote nyeupe, moja ikiwa na mstari wa kijani na nyingine wa machungwa. Mtu husimama juu yake, Usumani alieleza, akapiga kasia refu na kwenda. Alizilaza kifudifudi ubavu kwa ubavu juu ya keria, mapezi ya chini yake yakiangalia angani, akaweka sponji katikati, akapitisha mikanda miwili. Alishauri kila mkanda usokotwe mara moja kabla ya kukazwa, la sivyo upepo utaupigisha kelele. Karangwa, ambaye kwa miaka ishirini na minane alikagua mizigo ya malori mpakani, alisema anajua kufunga mzigo. Akaikaza mwenyewe, imenyooka, bila kuisokota.

Waliingia barabarani. Vichwa vya mbao vilitokeza mbele juu ya kioo, hata Karangwa alihisi anaendesha chini ya paa la mtu mwingine. Kwenye makutano ya Sonatubes pikipiki ziliwazunguka, na dereva mmoja akainamia dirisha kuuliza mzee anapereka wapi hiyo ndege. Gahongayire alicheka. Karangwa aliendelea na safari, asijue hata yeye anaipeleka kwa nini.

Kitu kimoja tu alikuwa amekiamua usiku kucha. Mbao ni mbili, nao ni wawili. Basi ya pili ni yake. Mkewe amechanganyikiwa na uzee au na majonzi, anataka waende wakasimame juu ya maji kama vijana. Alipanga maneno ya kukataa bila kumuumiza. Angesema goti lake. Angesema moyo. Angesema kwamba yeye, kati ya watu wote, hana haki ya kwenda kucheza ziwani.

Maana hilo nalo lilikuwapo. Ntare alipiga simu siku ile kuomba ruhusa ya kwenda ziwani. Karangwa alikuwa mpakani, katikati ya ukaguzi, akasema nenda lakini usichelewe. Saa mbili baadaye mtoto alikuwa amekufa. Msibani, mbele ya watu wote, alisimama akasema mimi ndiye niliyemruhusu. Hakuna aliyemjibu, hata mkewe. Tangu hapo hawakulizungumza tena. Aliacha hata kumwita mkewe Mama Ntare, akawa anamwita Mama Yvonne, na mkewe hakuuliza.

Walipofika Gahanga, Gahongayire alimwomba asimame mbele ya nyumba mpya iliyokuwa bado haijapakwa rangi. Mwanamke wa makamo, mnene, alitoka na makasia mawili na chupa ya chai. Alikuwa Mukunde, ambaye Karangwa alimkumbuka kidogo kama muuguzi mwenza wa mkewe. Hakusalimia kwanza. Alinyoosha mkono akapapasa ubao wenye mstari wa machungwa, toka mwanzo hadi mwisho.

"Huu ndio wangu, Mama Ntare?"

"Ndio wako," alijibu Gahongayire.

Karangwa alikaa nyuma ya usukani, maneno yake yote ya kukataa yakiwa bado mdomoni. Ubao haukuwa wake. Hakuna aliyekuwa amemwomba lolote isipokuwa gari. Alipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani alifurahi, lakini papo hapo kitu kilimchoma, akajiuliza kwa nini mtu aumie kwa kunyimwa kitu ambacho hakukitaka. Na hilo jina. Mwanamke huyu alilitamka kama mtu anayelitumia kila siku.

Baada ya Gahanga barabara iliteremka kuelekea daraja la mto Nyabarongo, upepo ukashika, na mikanda ikaanza kuvuma juu ya vichwa vyao kwa sauti nzito isiyokatika. Walijaribu kuzungumza wakashindwa. Mwishowe Mukunde alisema wasimame, akashuka, akaisokota mikanda mara moja moja na kuikaza upya. Kelele ikaisha. Karangwa akatambua kwamba hawa wamekwisha beba mbao kama hizi kabla ya leo, kwenye gari la mtu mwingine, siku ambazo yeye alidhani mkewe yuko kwaya.

Kisha akaona chaji. Kwa kawaida safari kama hii ingekula chini ya nusu. Walipopita Nyamata nusu ilikuwa imekwisha, na namba iliendelea kushuka. Alipunguza mwendo. Mukunde alisema ni mbao, zinapambana na upepo na gari ndilo linalolipa. Walifika Rumira wakiwa wamebakiwa na asilimia ishirini na sita, ambayo isingewarudisha nyumbani.

Kando ya ziwa palikuwa na banda la makuti na msichana mrefu aitwaye Liliane, aliyefundisha wanawake kuogelea. Naye alisema karibu Mama Ntare. Aliwaonyesha soketi ukutani, Karangwa akachomeka waya wa gari, na kioo cha dashibodi kikaandika kwamba itachukua saa tano. Hakuwa na pa kwenda. Alisimama akamtazama mkewe akivaa koti la kuelea na kujifunga kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu, kwa haraka, bila kuangalia mikono yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa pili mwaka jana."

"Na mimi hukuniambia?"

Gahongayire alikaza kamba ya koti. "Nyumbani kila nikitaka kumtaja Ntare, naangalia kwanza uso wako, naona utaumia, nanyamaza. Hapa siangalii uso wa mtu. Namtaja tu."

Alichukua kasia akaingia majini. Alipiga magoti juu ya ubao, akajisukuma, akainuka mguu mmoja mmoja mpaka akasimama. Karangwa hakuamini macho yake. Mama wa miaka hamsini na saba, kanga kiunoni juu ya suruali, amesimama juu ya ziwa anakwenda. Mukunde alimfuata nyuma akilalamika kwamba ubao wake unateleza.

Walikuwa mbali kidogo ubao wa Gahongayire ulipoyumba, naye akaanguka.

Karangwa hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika majini. Alikumbuka viatu vikijaa, matope yakivuta, na maji yakimfika kifuani. Hajui kuogelea. Aliita jina, na hata yeye hakuwa na hakika aliita jina la nani. Liliane alimfuata mbio, akamshika kwa nyuma ya shati na kumwambia atulie, atazame. Alitazama. Mkewe alikuwa amekwisha ibuka, ameshika ubao, anajivuta juu kwa tumbo kama aliyefanya hivyo mara mia. Alipomwona mumewe majini ndipo alipoonekana kushtuka. Alikuja kwake akiwa amepiga magoti, akipiga kasia kwa nguvu.

Karangwa alishika kichwa cha ubao kwa mikono miwili. Liliane akawaacha.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," alisema Karangwa. Miaka kumi na miwili hakuwa ameyatamka.

Gahongayire alilaza kasia juu ya magoti yake.

"Aliniuliza mimi kwanza," alisema. "Nilikuwa zamu ya mchana. Nikamwambia nenda, lakini mwombe na baba yako. Ndipo akakupigia wewe."

Karangwa alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini hayakutaka kukaa pamoja.

"Msibani ulinisikia nikijilaumu."

"Nilikusikia. Nikataka kusimama. Sikusimama. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikawa wiki, na wiki ikawa mwaka. Kisha ikawa ni jambo ambalo nikilisema, utauliza mbona nilinyamaza. Na sina jibu, Baba Yvonne. Hata leo sina."

Karangwa aliuachia ubao. Alitoka majini, akapita banda, akapita gari lililokuwa likichaji kimya, akatembea kwenye njia ya mashamba ya mahindi huku viatu vikilia kwa maji. Alitaka kukasirika, na kweli alikasirika. Miaka kumi na miwili alibeba peke yake mzigo wa watu wawili. Lakini kila alipoikamata hasira vizuri, kitu kingine kilipanda kutoka chini yake, kitu chepesi, karibu kama furaha, nacho aliona aibu kukiita furaha. Mkewe naye alisema nenda. Mzazi yeyote angesema nenda. Siku ilikuwa nzuri, ilikuwa Krismasi, na mtoto alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikaa juu ya jiwe. Mzee mmoja aliyepita na jembe alimsalimia kwa Kinyarwanda na kumwuliza kama amepotea. Karangwa alijibu kwamba hajui.

Angekuwa na gari la mafuta, angeondoka. Alilifikiria hilo waziwazi: angeingia, angewasha, angewaacha na mbao zao. Lakini gari lilikuwa bado linahitaji saa tatu. Basi akarudi.

Gahongayire alikuwa amekaa peke yake kwenye baraza la banda. Mukunde alikuwa amejiondoa mpaka ukingoni, akijifanya anakagua pezi. Karangwa aliketi, si karibu sana, akavua viatu na kuviweka juani.

"Alisema nini?" aliuliza mwishowe. "Alipokupigia. Alisema nini hasa?"

Gahongayire alimgeukia, na safari hii hakumtazama kama anayepima. Alisema mtoto alikuwa na haraka kwa sababu salio lilikuwa linakwisha. Ntare alisema bibi amempikia senene, wale panzi wa Bukoba, wengi mpaka amechoka. Aliuliza kama Yvonne bado anavaa koti lake bila ruhusa, maana akirudi watagombana. Alisema maji ya ziwa yanang'aa mpaka yanaumiza macho.

Karangwa hakuwahi kusikia hayo ya koti. Aliomba ayarudie, na mkewe akayarudia.

Waliondoka alasiri, taratibu, Mukunde akisinzia kiti cha nyuma. Huko Gahanga walimshushia ubao wake, na ule uliobaki ukawa umekaa upande mmoja wa keria. Ilibidi wausogeze katikati. Karangwa alisimama upande wake, Gahongayire upande wake, gari kati yao, wakarushiana mikanda juu ya paa. Karangwa alikuwa bado hajui kama amemsamehe. Hakujua hata kama kulikuwa na kitu cha kusamehe, na alijua kwamba atakapofika nyumbani atakasirika tena, na keshokutwa pia. Alipoupokea mkanda wa pili alimwuliza kama mstari wa kijani aliuchagua mwenyewe. Mkewe alisema hapana, zilikuwapo hizo rangi mbili tu, yeye alitaka bluu.