Kasyoka na Namba ya Mnyama

Kasyoka hakumwamini mtu aliyekuja kununua mbuzi wake, sembuse aliyetaka kuolewa na mwanawe. Mwana huyo, Nzuki, alikuwa amemleta Wariara, binti wa wafanyabiashara waliohamia Makindu kutoka Nyeri. Mbuzi wa ntheo, wale wa kumhalalisha mke, walikuwa tayari, ila Kasyoka hakutaka wapelekwe.

Ndipo mhubiri mmoja mpitaji akaja kuwaonya akina mama wa kanisa kwamba 666, namba ya mnyama, imejificha ndani ya namba kubwa kubwa za vitambulisho vipya. Ikigawa namba yako bila baki, basi wewe ni wake. Kasyoka hakulala. Wariara alipoenda kisimani, mama mkwe mtarajiwa akaupekua mkoba wake na kuinakili namba ya kitambulisho.

Wa kugawa alikuwa Mwalimu Muthama, na yeye pia Kasyoka alimshuku, maana ndiye aliyemfundisha Wariara hesabu. Si angemfichia? Kwa hiyo akampa namba mbili bila kusema ni za nani: ya msichana, na yake mwenyewe ya kumzubaisha. Ajibu mbele ya akina mama wote, Alhamisi, nyumbani kwa Kasyoka.

Alhamisi nyumba ilijaa. Wariara alikuwa akiwamiminia chai.

"Hii 15,485,863 imenitoa jasho," Muthama alisema, uso ukimng'aa kwa raha. "Nimejaribu kuigawa mpaka karibu elfu nne, na hakuna haja ya kupita hapo. Ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii ingine, 4,718,610, inagawanyika kwa vitu vingi sana. Hata 666 inaingia mara 7,085, hakuna baki."

"Aiya!" akina mama wakaguta.

"Ngojeni! 666 ni mbili mara tatu, mara tatu tena, mara thelathini na saba. Namba za aina hiyo hazina mwisho, na hakuna mnyama ndani."

Nani angemsikiliza? Ile ya milioni nne ilikuwa ya Kasyoka mwenyewe. Yeye, mwenyekiti wa maombi! Wangemvua uenyekiti siku hiyo hiyo, na kijiji kizima kingemkimbia.

"Mama Nzuki, hiyo ya mnyama ni ya nani?" Muthoki, katibu wao, akauliza, na macho yote yakamwendea yule mgeni mwenye birika.

Wariara aliijua namba yake. Akamtazama Kasyoka, akaona midomo inavyomtetemeka, akaiweka birika chini.

"Ni yangu," akasema.

Wakamzunguka, wakampigisha magoti, wakamwekea mikono na kukemea kwa sauti kubwa. Kasyoka naye aliweka wake. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka, lakini hakufungua kinywa ila kuitikia amina. Na hata mkono wake ukiwa juu ya kichwa kile, alikuwa akijiuliza msichana huyu atakuja kumdai nini.