Majibu ya Mzee Wangu

Kila Jumatatu muuguzi anayesimamia mashine ya kupumulia ya mume wangu alituletea fomu ya maswali nyumbani, na kila Jumatatu niliijaza mimi. Mume wangu analala vizuri, niliandika. Hana shida. Namjua miaka arobaini, nimuulize nini tena?

Jumatatu iliyopita muuguzi akaninyang'anya kalamu. "Kwani mgonjwa ni wewe, mama?"

Nikanuna. Akampa mzee, naye akaandika taratibu, barakoa ya mashine imemfunika pua na mdomo: "Napumua vizuri. Lakini asubuhi nzima mke wangu anazungumza peke yake, na mimi majibu ninayo."

Muuguzi akasoma, akacheka, akafungua mkoba. Akamvalisha barakoa ndogo ya puani tu, akarekebisha mashine, akangoja aone kama pumzi inamtosha. Ilimtosha.

Sasa mzee akiamka tu ananijibu: chai haina sukari, redio inapiga kelele, na ule umbea wa dada yangu nimeusimulia kinyume.

Leo muuguzi ameniuliza kama mzee ananichosha kwa maneno.

"Ananichosha sana," nikamwambia. "Na hiyo mashine usiiguse."