Kijivu cha Bwana Mkubwa

Bwana mkubwa alikuwa na mabomba matatu ya kupulizia rangi, membamba kama kalamu, na pampu ya upepo yenye kelele za trekta. Ila kati ya zile ndege ndogo za plastiki za kuunga vipande, hakuwa na hata moja aliyoipaka. Kila Jumamosi alilinganisha vikopo vya kijivu na kijivu, akibeza brashi: "Hizo za watoto, mama." Mkewe aliguna tu.

Hatimaye bwana mkubwa akachagua kijivu chake, akafungua boksi la ndege yake. Tupu!

"Vipande viko wapi?"

"Juu ya televisheni," mkewe akajibu. "Ile ndege uliyodhani nimeinunua ikiwa tayari, ukawaambia wageni brashi haiwezi kupaka vizuri hivyo. Niliipaka kwa brashi ya rangi ya kucha."