Mfuko wa Ijumaa

Saa nane mchana mkanda wa kiwanda cha biskuti uliposimama, wanawake kumi na wanne wa zamu ya asubuhi walijipanga mbele ya pipa la buluu, kila mmoja na mfuko wake wa kitambaa. Netta Strachan alikuwa wa tatu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimegoma kunyooka tangu majira ya baridi yaliyopita, kwa hiyo alichota kwa mkono wa kushoto, polepole, akiyaomba radhi macho ya waliokuwa nyuma yake.

Pipani mlikuwa na biskuti za oti zilizovunjika, zilizoungua ukingo, zilizopinda. Hakuna duka lililozitaka. Tangu enzi za mzee Lunan, babu yake huyu mwenye kiwanda wa sasa, vipande vya wiki nzima vilikuwa vya wafanyakazi, na waliviita mfuko wa Ijumaa. Haikuandikwa popote. Mambo kama hayo huko Turriff, kaskazini mwa Uskoti, hayaandikwi.

Kwa wengine ule mfuko ulikuwa wa kuku na wa wajukuu. Kwa Netta ulikuwa chakula. Mumewe, Eck, alikuwa fundi wa mapipa ya wiski mpaka pipa moja likamponda nyonga. Sasa alilala sebuleni, maana ngazi zilimshinda. Mwezi wa pili walipaswa kuchagua: kuipasha nyumba moto au kula nyama. Eck alikuwa akitetemeka hata chini ya blanketi tatu, basi wakachagua moto.

Netta hakuwa mtu wa kukaa akilia na sufuria tupu. Alivitwanga vipande kwa chupa, akakaanga vitunguu kwa mafuta ya ng'ombe aliyopewa buchani, akatia mwani aliouokota mwenyewe miambani pwani ya Portsoy na kuukausha juu ya jiko. Akafinyanga vidonge bapa, akavioka kikaangoni mpaka ukingo ukaanza kulia kwa mafuta. Eck alikula vitatu, kisha akasema, "Si mbaya."

Pande zile hakuna sifa inayopita hiyo. Mtu akisifu zaidi ya hapo, watu hudhani anataka kukukopa.

Chrissie wa mashine ya pili alipostaafu, kila mmoja alileta kitu cha kula na chai, na Netta akaleta sinia la vidonge vyake. Alikuwepo pia Dokta Fenella Orr, mtaalamu wa vyakula aliyeletwa kutoka Edinburgh, binti mwenye koti jeupe na daftari lisilombanduka mkononi. Maduka makubwa yalikuwa yamechoka na biskuti zile zile, na kazi yake ilikuwa kubuni kitu kipya kabla kiwanda hakijafa. Alikula vidonge vinne akiwa amesimama. Akauliza ni nani aliyevipika.

Netta alijifuta mikono kwenye aproni. "Si kitu, mwanangu. Kila mtu anapika hivi kwao. Ni vya kumnyamazisha mzee wangu tu."

Ulikuwa uongo, na kila mtu mle chumbani alijua ni uongo wa adabu. Kizuri chajiuza, mtu hajisifu, hujishusha, halafu husubiri wenzake wamwinue. Na wenzake walimwinua. Chrissie alicheka, akauliza huyo kila mtu ni nani, maana yeye tangu azaliwe hajawahi kuviona. Lakini Dokta Fenella alikuwa mgeni, na alikuwa ameshaandika.

Wiki iliyofuata alikuja Dod Raffan. Dod alikuwa nyapara wa tanuri, lakini kabla ya hapo alikuwa Dod wa dawati moja shuleni, aliyekula mezani kwa mama yake Netta siku ambazo baba yake alikunywa mshahara wote. Alimwita Netta pembeni, karibu na magunia.

"Watajenga chumba kipya," alisema. "Cha vile vidonge vyako. Kitataka mtu wa kukiongoza, na mimi nimeshamtaja mtu. Utakaa, Netta. Kwenye kiti, penye joto."

"Usinitanie, Dod. Mimi na miaka hamsini na nane hii?"

"Waonyeshe tu unavyofanya. Mengine niachie mimi." Akatema mate kiganjani kama babu zao walivyofanya mnadani, akampa mkono.

Mkono ule ulimtosha. Baba yake Netta aliuza ng'ombe maisha yake yote kwa mkono wa namna ile na hakuna aliyewahi kumgeuka. Jioni ile alimwambia Eck kuhusu kiti. Eck alimtania, akasema kuanzia sasa itabidi amwamkie Bi Mkubwa. Walicheka mpaka nyonga ikamuuma.

Siku tatu alipika maabara. Alikuwa hana vipimo, ana mkono tu, basi Dokta Fenella aliweka mizani chini ya mkono, na kila konzi ikanaswa kabla haijafika bakulini. Netta alisema anapimwa kama samaki. Aliwaambia yote. Aliwaambia mwani ukaushwe mpaka uvunjike kwa kidole, na kwamba wasijaribu kutumia oti mbichi wala biskuti nzima ya siku hiyo. Siri ni vipande, alisema, tena vilivyolala pipani siku kadhaa, kwa sababu vimeshaonja moto na vimeshapoa. Fenella aliandika na kupiga mstari chini yake.

Majira ya mapukutiko chumba kikafunguliwa. Mashine ilifinyanga vidonge mia nne kwa dakika, na kiti kilikaliwa na bwana mmoja kutoka Glasgow mwenye shahada. Netta alibaki kwenye mkanda. Alidhani pengine wanamwekea kiti mpaka mwaka mpya, hadi siku moja pakiti za vidonge vile zilipopita mbele yake. Juu ya kila pakiti palikuwa na picha ya ajuza mwenye mtandio na mashavu mekundu, na maneno: *Mapishi ya Bibi Elspeth wa Ukoo wa Lunan*. Ukoo wa Lunan haukuwahi kuwa na Elspeth. Mke wa mzee Lunan aliitwa Violet, na habari zake zote ni kwamba hata yai lilimshinda kuchemsha.

Alimfuata Dod kule kwenye tanuri.

"Dod, ulinipa mkono."

Dod aliangalia mlango. "Nilikupa, na nilikusemea. Wanataka mtu mwenye cheti."

"Na huyu bibi ametoka wapi?"

"Watu wa matangazo hao. Sasa Netta, wewe mwenyewe si ulisema kila mtu anapika hivi? Yule dokta aliandika. Neno lako limo kwenye faili, na tarehe yake."

"Dod, wewe umezaliwa hapa. Unajua sisi tunavyosema."

"Mimi najua," alisema Dod. "Faili halijui."

Alirudi kwenye mkanda na hasira yake. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kile kiti. Ni kwamba adabu aliyofunzwa na mama yake, mezani pale pale Dod alipokuwa akilishwa, ndiyo iliyotumiwa kumvua nguo.

Kabla ya Krismasi tangazo lilibandikwa juu ya pipa la buluu. Vipande sasa ni malighafi, lilisema. Kuanzia Jumatatu havitatoka nje ya kiwanda, na atakayekutwa navyo atahesabiwa mwizi. Wanawake walilisoma. Mmoja aliuliza kuku wake watakula nini.

Ijumaa ya kwanza baada ya Jumatatu hiyo Netta alikwenda kwenye pipa kama kawaida. Alichota kwa mkono wa kushoto, akajaza mfuko, akatembea nao mpaka langoni, ameushika mbele ya kifua chake kila mtu auone. Mlinzi, ambaye alimjua tangu utotoni, alimwomba kwa sauti ndogo arudishe, yeye atajifanya hakuona. Netta akamwambia afanye kazi yake.

Jumatatu waliketi watatu ofisini kwa Bwana Lunan. Rafuni nyuma yake palikuwa na tuzo mpya ya kioo: kiwanda kilikuwa kimeshinda kwa ubunifu, kwa kugeuza taka kuwa chakula. Bwana Lunan hakuwa mkali. Alimuuliza Netta kama alilisoma tangazo.

"Nililisoma."

"Sasa kwa nini ulichukua?"

"Kwa sababu ilikuwa Ijumaa."

Bwana Lunan akashusha pumzi, akasogeza karatasi. Ndipo Netta aliposema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika maisha yake, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Vile vidonge ni vyangu. Nilivitunga mimi. Muulize Dod."

Bwana Lunan alimgeukia Dod, aliyeitwa pale kuwa shahidi. Dod alikuwa na mkopo wa nyumba na miaka minne ya kufikia pensheni. Alikitazama kile kioo cha tuzo.

"Mimi ni mtu wa tanuri, bwana," alisema. "Mambo ya mapishi siyajui."

Kisha akaweka sahihi kwenye ile karatasi ya kumfukuza Netta kazi kwa wizi. Netta alimwangalia akiandika jina lake kwa uangalifu, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya dawatini. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda walau hasomi nawe darasa moja.

Mwezi wa kwanza moto ulizimwa nyumbani, na chakula nacho kikapungua. Pale mjini, kanisani, walikuwa wakigawa vyakula vya msaada kila Alhamisi, lakini Netta angekufa kabla ya kuonekana kwenye foleni ile. Alipanda basi mpaka mji wa Elgin, asikojulikana, ambako pia waligawa, akasimama nyuma ya watu wengine katika ukumbi wenye harufu ya makoti mabichi. Mkononi alikuwa na mfuko ule ule wa kitambaa. Hakuwa na mwingine.

Mama mmoja mwenye sauti ya upole alimpangia mezani maziwa, supu ya kopo, viazi. Halafu akainama, akatoa pakiti ya vidonge vya Lunan kwenye boksi chini ya meza, akatabasamu.

"Una bahati, mama. Hizi tumeletewa leo leo, na kiwanda chenyewe. Tarehe yake inaisha Jumamosi, lakini hazina neno. Naomba jina, niandike."

Netta alifungua mdomo. Nyuma yake kulikuwa na watu, na mwanamke mmoja alikuwa na koti kama la wifi yake Chrissie. Macho yake yakaanguka kwenye pakiti.

"Elspeth," alisema.

"Aa, kama huyu wa pichani!" Yule mama aliandika kitabuni. "Si ajabu mkawa ndugu. Ushawahi kuzipika, Bi Elspeth?"

Netta aliinamisha macho, na yule mama akadhani hajui. Basi akamweleza taratibu, kwa wema wote, kama anavyoelezwa mgeni: atie mafuta kidogo tu, moto usiwe mkali, asizigeuze kila mara. Ukingo ukianza kulia, atoe. Siri yake, alisema, wanaijua wenyewe kina Lunan.

Netta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaufungua mfuko wake wa Ijumaa, na yule mama akaitumbukiza pakiti ndani, juu ya viazi.